Wa Mwisho Hajafika

Kichupa kilichomoka mfukoni mwa Mwokaji alipoinama kufunga kamba za viatu, kikadunda sakafuni, kikabingirika mpaka kwenye mguu wa Kidonge. Kilikuwa kichupa kidogo tu cha kahawia, chenye kifuniko cheupe. Mtu mwingine angekiokota, akamrudishia mwenyewe na kuendelea na hamsini zake. Lakini Kidonge alikuwa muuza dawa. Vichupa vya namna ile alivitoa kabatini kwa mikono yake mwenyewe, na kila alipovitoa aliwaambia wazee wa watu maneno yale yale: weka kimoja chini ya ulimi, kaa chini, usihangaike, na kifua kisipotulia upelekwe hospitali haraka.

Sasa huyu aliyekuwa mbele yake hakuwa mzee wa watu. Alikuwa mchumba wake.

"Hiki ni nini?"

"Nirudishie, Kidonge."

"Nimekuuliza, hiki ni nini?"

"Si unajua? Kazi yako hiyo."

Kidonge akakaa juu ya gunia la mchele, humo humo stoo walimokuwa wakibadilishia viatu, akakikodolea macho kile kichupa kana kwamba kingeweza kubadilika kikawa kitu kingine. Kidonge lilikuwa jina la utani alilopewa na ndugu zake utotoni kwa udogo wake. Alipopata kazi kwenye duka la dawa walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaganda. Siku hiyo hakuona cha kuchekesha.

"Tangu lini?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Miezi michache. Kifua kilinibana nikiwa mbele ya tanuri. Nikadhani ni joto la kazi."

"Daktari kasemaje?"

"Mshipa mmoja wa moyo umebana. Kanipa dawa za kila siku, na hicho cha dharura. Akaniambia nipunguze mwili, nifanye mazoezi."

"Mazoezi gani?"

Mwokaji akajifanya kushughulika na kamba za viatu.

"Wewe bwana, mazoezi gani?"

"Kutembea."

"Na wewe ukawa unafanya nini?"

"Nakimbia. Kila nikitoka kwenye mikate."

"Mungu wangu! Unakimbia?"

"Sasa nifanyeje, mpenzi? Baba yako hatembei."

Hapo alisema kweli. Baba yake alikuwa mwalimu wa michezo maisha yake yote, na kustaafu kulimtoa shuleni lakini hakukuitoa shule mwilini mwake. Filimbi bado ilimning'inia shingoni. Kila mwaka, siku ile aliyomwoa Mama, ukoo mzima ulikusanyika nyumbani kwao kusherehekea, na sherehe ilikuwa na sheria yake ambayo haikuonekana kwa jirani yeyote: hakuna kula kabla ya kukimbia. Mkubwa kwa mdogo, mwembamba kwa mnene, wote walitoka getini, wakapita ukuta wa shule, wakapanda kilima mpaka kwenye tangi la maji, wakarudi. Anayeweza alikimbia, asiyeweza alijikokota. Sufuria zilifunikwa mezani na hazikufunuliwa mpaka wa mwisho afike na Mwalimu ampigie filimbi.

Wachumba, hata hivyo, hawakuruhusiwa kujikokota. Mchumba alikimbia bega kwa bega na Mwalimu, na Mwalimu alimsikiliza pumzi.

"Hukimbii," Kidonge alisema.

"Nakimbia."

"Nasema hukimbii! Nitamwambia Baba sasa hivi."

Mwokaji akapiga goti mbele ya lile gunia, akamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa na joto lile la siku zote, ngumu kwa kuchomwa na trei, na vilinukia hamira hata baada ya kuoga. Kidonge alivipenda viganja vile kabla ya kumpenda mwenyewe.

"Mwambie," alisema polepole. "Halafu atasema nini?"

Kidonge alijua atakachosema. Nyumba nzima ilijua. Mume wa dada yake, Shemeji, alikimbia mbio zile akiwa mchumba, akampita Mwalimu kwenye kilima na kumngojea kwenye tangi akitabasamu. Mwalimu alimpa binti yake siku hiyo hiyo kwa mikono miwili. Hawakumaliza hata mwaka wa pili wa ndoa. Asubuhi moja Shemeji aliinuka kitandani, akasema kifua kinamuuma, akaanguka, na hakuinuka tena. Makaburini Mwalimu alisimama mbele ya watu wote akaapa kwamba hatazika mkwe wa pili.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi na ya kutisha. Akisema, ndoa inakufa. Asiposema, huenda akafa mtu.

"Mara moja tu," Mwokaji alibembeleza. "Nipande kilima, nishuke, nipate jibu. Baada ya hapo nitatembea maisha yangu yote kama daktari alivyosema. Nakuahidi."

"Maisha yako yote yapi?"

Akamwangalia. Macho yake yalikuwa makubwa, ya upole, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane Kidonge aliona ndani yake kitu ambacho Mwokaji alikuwa akikificha kwa utani siku zote. Naye alikuwa anaogopa. Masikini, alikuwa anaogopa kuliko yeye.

Nje, filimbi ikalia.

*

Uani kulikuwa na vicheko vya watu wenye njaa. Shangazi, dada yake Mwalimu, alikuwa amevaa viatu vipya vya michezo vyeupe pe, na mkononi alikuwa na kipande cha nyama alichokichomoa jikoni pasipo idhini.

"Nimeanza kupunguza mwili," alimtangazia kila aliyempita. "Mkate sili, sukari sili, usiku sili kabisa."

"Na hiyo?" Mama alimuuliza.

"Hii ni ya kunipa nguvu za kupunguza mwili."

Watu wakaangua kicheko. Mwokaji naye akacheka, tena kwa sauti kubwa kupita kiasi. Keki aliyoioka kwa ajili ya Mama na Mwalimu ilikuwa katikati ya meza, imefunikwa kitambaa kama vyakula vingine. Kidonge hakucheka. Kichupa kilikuwa mfukoni mwake sasa, amekifumbata mpaka vidole vinamuuma.

Akamwendea baba yake aliyekuwa akinyoosha viungo getini.

"Baba, mwaka huu mbio tusingeziacha? Jua kali."

"Jua la asubuhi hii?"

"Na Mama amechoka."

"Mama yako atakimbia akuache." Mwalimu akamtazama vizuri. "Una nini wewe? Mbona umekuwa kama umeona jini?"

Ulimi ulimwinukia Kidonge. Neno lilikuwa pale, mlangoni mwa meno. Akageuka, akamwona Mwokaji amesimama karibu na Dada, wanazungumza kitu, na Dada anatabasamu. Tangu msiba, tabasamu la Dada lilikuwa adimu. Neno likarudi kooni, Kidonge akalimeza.

"Sina kitu, Baba."

Ah, mapenzi! Yanaweza kumfanya mtu mwenye akili timamu akasimama akitazama nyumba inashika moto huku akiogopa kuwaamsha waliolala.

"Mwokaji!" Mwalimu aliita. "Njoo hapa pembeni yangu, kijana."

Wakaondoka.

Mpaka ukuta wa shule mambo yalikuwa shwari. Kidonge alikimbia nyuma yao, karibu kiasi cha kumgusa Mwokaji mgongoni, na hakuona njia wala watu. Alisikiliza pumzi tu. Pumzi ya baba yake aliijua, ilikuwa fupi na ya mpangilio. Pumzi ya Mwokaji ilikuwa nzito, lakini ilikwenda. Akajipa moyo. Huenda ikawezekana, alijiambia. Watu wangapi wanaishi na mioyo mibovu, wanazaa, wanalea, wanazeeka?

"Unajitahidi," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Nilidhani mikate imekulemaza."

"Najitahidi... kwa ajili ya nyumba, Mzee."

"Usiongee. Tunza pumzi."

Kilima kikaanza. Kidonge akaona jasho likimtoka Mwokaji nyuma ya shingo, na haikuwa ile michirizi ya mtu anayekimbia. Lilikuwa jasho jembamba lililoenea ngozi nzima kwa mpigo. Mkono wake wa kushoto ukaacha kwenda na mkono wa kulia. Akauinua, akajishika taya, akaushusha haraka asionekane.

Kidonge alikuwa amewaeleza wateja wake dalili ile, amesimama nyuma ya kaunta, akiwa na chenji mkononi na mawazo kwingine. Kifua, bega, taya. Roho ikamruka.

"Baba, simama!"

"Nini tena?"

"Simama! Ni mgonjwa! Ana ugonjwa wa moyo, Baba, atakufa!"

Sauti yake iligonga ukuta wa tangi la maji ikawarudia wote. Mwalimu akasimama kama aliyewekewa mkono kifuani. Nyuma yao ukoo mzima ukasimama mmoja baada ya mwingine. Mwokaji akageuka, na macho aliyomtupia Kidonge hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa na hasira. Yalikuwa macho ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani na mtu wake mwenyewe.

Halafu magoti yakamkunjika, akakaa chini kando ya barabara.

Kidonge alishapiga magoti. Kifuniko kilimkatalia. Akakifungua kwa meno.

"Fumbua mdomo. Inua ulimi. Usimeze, wacha kiyeyuke."

"Samahani," Mwokaji alinong'ona.

"Nyamaza. Kaa hivyo hivyo, niegemee."

Akamwegemeza kifuani mwake, akamwambia Mama ampigie simu jirani mwenye teksi. Kidonge aliusikia moyo wa Mwokaji kupitia mgongo aliomwegemezea, unapiga, unajikwaa, unapiga tena, na kila ulipojikwaa wake mwenyewe ulisimama kuungojea.

Kivuli cha baba yake kikawafunika.

"Ulijua?"

"Nimejua leo, Baba. Stoo."

"Ukamwacha akimbie."

"Ndiyo, Baba."

Mwalimu akamgeukia Mwokaji. Uso wake ulikuwa umekauka. "Na wewe ulitaka kuniibia. Ulitaka nikupe mtoto wangu bila kunijulisha unampeleka wapi."

"Mzee, mimi..."

"Hakuna harusi. Nilisema mbele ya kaburi, na sisemi mara mbili."

Teksi ikafika.

*

Ukumbi wa hospitali ulinukia sabuni ya sakafuni. Kidonge na Dada walikaa kwenye benchi la mbao mbele ya mlango uliofungwa, na kila mlango ule ulipofunguliwa Kidonge aliinuka, na kila alipomwona nesi anapita na shughuli zake alikaa tena. Alikuwa bado amevaa kiatu kimoja tu. Kingine hakujua kimebaki wapi.

"Akitoka mzima hatanitaka," alisema. "Nimemwaibisha mbele ya watu wote."

"Atakutaka."

"Na asipotoka, Dada?"

Dada alikuwa ameyatumbulia macho maandishi ya mlangoni, na Kidonge akakumbuka kwamba benchi hili Dada analijua. Walimleta Shemeji hapa hapa, akiwa amekwishakwenda.

"Hukupaswa kuja. Rudi nyumbani."

"Nimekuja kwa sababu siku yangu nilikaa hapa peke yangu."

Viatu vya mpira vikalia sakafuni. Wote wawili wakageuka. Mwalimu alikuwa anakuja kutoka mwisho wa ukumbi, bado ana kaptura yake ya michezo, filimbi kifuani, jasho limemkaukia usoni. Alikuja kwa miguu. Njia yote ile, kwa miguu.

"Yu hai?" aliuliza.

"Hawajatuambia."

Akatikisa kichwa. "Twende nyumbani, Kidonge. Ndugu zake wameitwa, watakaa naye."

"Siondoki, Baba."

"Mwanangu, nisikilize. Sina chuki na yule kijana. Nimempenda, nani asiyempenda? Lakini nimeona mwanangu mmoja akilia mpaka sauti ikaisha. Sitaki kuona wa pili."

"Mwanao huyo ni mimi," Dada alisema.

Mwalimu akamgeukia.

"Ni mimi, Baba, na hujawahi kuniuliza. Unaapa kwa ajili yangu, unakataza kwa ajili yangu, lakini kuniuliza hujaniuliza." Hakupandisha sauti. Mikono yake tu ndiyo ilikuwa ikivuruga upindo wa khanga. "Niulize leo."

"Nikuulize nini?"

"Kama ningejua. Kama mtu angenijia asubuhi ya harusi akaniambia, huyu utakaa naye mwaka na kitu, halafu utamzika."

"Dada, basi," Kidonge alimshika mkono.

"Niulize, Baba."

Mwalimu alikuwa na sauti iliyowahi kusikika uwanja mzima bila kipaza sauti. Siku hiyo ilitoka kidogo sana. "Ungefanyaje?"

"Ningeolewa jana yake. Ili nipate siku moja zaidi."

Machozi yakamteremka Kidonge bila sauti. Baba yao alibaki amesimama, mkono ameushika kwenye filimbi. Kisha akageuka na kuondoka kwa njia ile ile aliyojia, na viatu vyake vikalia sakafuni mpaka visisikike tena.

"Nimemuudhi," Dada alisema.

Kidonge alijua baba yake akiondoka bila neno, neno lake la mwanzo ndilo limebaki.

Ilikuwa alasiri mlango ulipofunguliwa na daktari akatoka, mama mmoja mfupi mwenye miwani na uso wa kuchoka.

"Nani alimwambia akimbie kilima?"

Kidonge akasimama kama mwanafunzi mkosaji. "Sisi, daktari."

"Moyo haujaumia. Bahati yake mmewahi. Kutembea, nilimwambia, ku-te-mbe-a! Anasema alidhani mazoezi ni mazoezi." Akashusha pumzi. "Anaweza kwenda, polepole. Na kesho asubuhi namtaka hapa."

Mwokaji alitoka nyuma yake. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vibaya, kimoja kimeruka tundu. Wakatazamana. Kidonge alitaka kumrukia na aliogopa kumgusa.

"Umenikasirikia?" aliuliza.

"Sana."

"Ningerudia tena."

"Najua." Akanyoosha mkono, akamfuta shavu kwa kiganja kile kigumu. "Ndiyo maana nimekasirika, tena na nafsi yangu. Nilikudanganya wewe, halafu wewe ndiye uliyelia. Kidonge, moyo huu ni mbovu. Sikufichi tena. Ukiondoka leo, sitakulaumu."

"Naogopa," Kidonge alisema. "Naogopa sana. Lakini nikiondoka nitaogopa nikiwa mbali, na hiyo siiwezi."

Akamfungua kile kifungo, akakifunga mahali pake.

*

Jua lilikuwa limepoa teksi ilipowashusha wote watatu nje ya geti, Dada akatangulia kuingia. Mwokaji alikataa kuingia.

"Nimekusindikiza tu. Mzee ameshasema."

"Nisubiri nichukue mkoba wangu," Kidonge alisema. "Nitakwenda na wewe kwa ndugu zako."

Akasukuma geti na kutegemea kukuta uani kumefagiliwa, wageni wametawanyika. Akasimama hapo hapo. Wote walikuwepo. Wamekaa kwenye mikeka na viti, wamenyong'onyea kwa njaa, watoto wamelala mapajani mwa mama zao. Mezani sufuria zilikuwa zimefunikwa vile vile. Keki haikuguswa.

"Hatimaye!" Shangazi alilia, amevua vile viatu vyeupe. "Jamani mimi nilisema napunguza mwili, sikusema nautupa wote siku moja!"

"Mbona hamjala?" Kidonge aliuliza.

Mama akaonyesha kwa kidevu. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya geti, peke yake, mikono magotini.

"Niliwaambia wale," Mama alisema. "Baba yenu kakataa."

Mwalimu akainuka. Hakumtazama binti yake. Alimtazama kijana aliyesimama barabarani.

"Nyumba hii ina sheria," alisema. "Chakula hakifunuliwi wa mwisho hajafika. Na wewe uliondoka nasi asubuhi, hukurudi."

Mwokaji hakujua aangalie wapi. "Mzee, siwezi kukimbia."

"Nani amekuambia ukimbie?" Sauti ikamkwama Mwalimu, akakohoa kuificha. "Kesho nitakwenda na wewe kwa huyo daktari, aniambie mimi mwenyewe. Ukinificha kitu tena, nitakuua kabla ya moyo wako. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Sasa kutoka hapo mpaka mezani kuna kipande kimebaki. Tembea."

Mwokaji akavuka kizingiti cha geti. Kidonge akaingiza vidole vyake kwenye vya Mwokaji, akatafuta kwa kidole gumba mahali mshipa unapodunda kwenye kifundo cha mkono, akakiacha hapo. Aliogopa. Alijua ataamka usiku mwingi wa maisha yake kusikiliza kama mtu huyu anapumua. Wakapita mikeka, wakampita Shangazi, wakampita Dada aliyesimama mlangoni akiwa ameziba mdomo kwa khanga, hatua kwa hatua, na hakuna aliyewaharakisha. Nyuma yao, Mwalimu alitembea taratibu kuliko wote.

Walipofika mezani akaiinua filimbi. Alipopuliza mara ya kwanza hakikutoka kitu, pumzi ilikuwa imemwishia kwenye machozi. Akapuliza tena, ikalia.

"Wa mwisho amefika," Mwalimu akasema. "Funueni."